Kufufua Katriji ya Zamani Nyumbani Bila Kuharibu Santuri

Kila anayerithi radiogramu au gramafoni ya umeme huniuliza swali lilelile, ingawa maneno hutofautiana. Mmoja husema sahani inazunguka lakini spika ziko kimya. Mwingine anasikia upande mmoja tu. Wa tatu analalamika kwamba muziki unakwaruza na sindano inateleza hadi katikati. Na karibu wote humalizia hivi: "Fundi ameniambia katriji imekufa. Nitupe?"

Usitupe bado. Katriji nyingi zinazotangazwa kufa zina mojawapo ya matatizo matatu: pini zimeota kutu, sindano imekwisha, au kampira kadogo ndani yake kameoza. Yote matatu mtu mtulivu anaweza kuyashughulikia mezani kwake, mradi asiwe na haraka.

Kuna jambo la pili ambalo nalisema mapema kwa sababu husahaulika. Katriji hupatikana nyingine. Santuri huenda isipatikane tena. Mwenye santuri ya Siti binti Saad, mmoja wa waliorekodiwa Bombay mwaka 1928 kwa nembo ya HMV, au santuri ndogo ya taarabu yenye nembo ya Mzuri ya Mombasa, hana duka la kukimbilia akishaikwangua. Kwa hiyo kabla ya kila hatua iliyoandikwa hapa chini, jiulize kwanza kama itaiumiza santuri. Ukiwa na shaka, simama.

Kwanza umeme

Radiogramu nyingi za zamani zina valvu, na ndani yake mna kapasita zinazoweza kushika umeme mkali hata baada ya kuchomoa plagi. Baadhi ya gramafoni ndogo za bei nafuu zilitengenezwa fremu yake ya chuma ikiwa imeungwa moja kwa moja na umeme wa ukutani. Kwa hiyo:

- Chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi peke yake hakutoshi.
- Usifungue sehemu ya amplifaya. Kazi yetu iko kwenye ncha ya mkono tu.
- Ukigusa mkono wa gramafoni ukahisi kijishtuko chochote, hata kidogo, kazi hiyo si yako. Ipeleke kwa fundi wa redio kabla ya jambo jingine lolote.

Vifaa vya kuweka mezani

- Lenzi ya kukuza mara kumi au zaidi, kama ile ya sonara.
- Bisibisi ndogo na kibano, vyote vya shaba, plastiki au chuma kisichovutwa na sumaku.
- Vijiti vya meno, pamba za masikio na brashi laini ya rangi iliyo safi.
- Alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Ile spiriti ya rangi ya kuwashia taa huacha utando.
- Mita ya umeme ya dijitali, ya kawaida tu.
- Mizani midogo ya dijitali inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu.
- Sinia iliyotandikwa kitambaa cheupe. Skrubu za katriji ni ndogo mno na zikianguka sakafuni zimekwenda.

Hilo la bisibisi ya chuma nalisisitiza. Katriji ya sumaku ina nguvu kuliko inavyoonekana. Unaisogeza bisibisi taratibu kuelekea skrubu, na ghafla inavutwa pembeni na kukikunja kijiti cha sindano ambacho ni chembamba kuliko unyasi. Kama huna bisibisi ya shaba, chomoa sindano kwanza, iweke mbali, ndipo uguse skrubu.

Kabla ya kufungua chochote piga picha kwa simu: kutoka mbele, ubavuni na nyuma pale nyaya zinapoingia. Picha hizo zitakuokoa utakapotaka kuvirudisha vitu mahali pake.

Tambua uliyo nayo

Hapa ndipo wengi hukosea. Wanasoma ushauri wa katriji ya sumaku wakautumia kwenye ya fuwele, wakaiua iliyokuwa na uhai. Aina utakazokutana nazo ni nne:

1. Ya fuwele. Ipo kwenye radiogramu nyingi za miaka ya 1950. Hutoa sauti kubwa, hadi kufikia volti nzima, na ni nzito.
2. Ya kauri. Ilikuja baada ya fuwele na kwa nje hufanana nayo. Utaikuta kwenye mashine za BSR na Garrard za miaka ya 1960 na 1970. Hutoa milivolti mia kadhaa.
3. Ya sumaku inayosogea. Shure, Audio-Technica, Ortofon, Stanton na nyinginezo. Hutoa milivolti chache tu, kwa kawaida tatu hadi tano.
4. Ya koili inayosogea. Mfano unaojulikana sana ni Denon DL-103. Nyingi hutoa chini ya milivolti moja.

Namba ubavuni ikisomeka, mambo yamekwisha. Kama imefutika, tumia mita. Itoe katriji kwenye nyaya, weka mita kwenye omu, gusa pini mbili za upande mmoja. Ukipata omu mia kadhaa hadi zaidi ya elfu moja, hiyo ni ya sumaku na koili yake ni nzima. Mita isiposoma chochote, ama ni fuwele au kauri, ambazo ndivyo zinavyotakiwa kuwa, ama ni ya sumaku iliyokatika waya ndani. Hapo sindano ndiyo itakayoamua: ile ndogo inayopinduliwa kwa kijilevu, upande mmoja LP na mwingine 78, ni ya fuwele au kauri karibu kila mara.

Ya koili inayosogea usiiguse kwa mita wala kwa kitu kingine. Waya wake ni mwembamba kuliko unywele na sindano yake haichomoki. Ikiwa na hitilafu, wako mafundi waliobobea, hasa Japani na Ulaya, wanaoipokea kwa posta. Sitairudia tena katika makala haya.

Jaribio la kubadilisha nyaya

Kabla ya kuilaumu katriji, hakikisha kosa ni lake. Kama upande mmoja haulii, fanya hivi:

- Zima kila kitu. Tazama nyaya nne nyuma ya katriji. Kwa desturi nyekundu na kijani ni za kulia, nyeupe na buluu ni za kushoto.
- Badilisha jozi: nyekundu iende palipokuwa nyeupe, kijani palipokuwa buluu, na zile za kushoto ziende kulia.
- Washa, cheza santuri isiyo na thamani.

Ukimya ukihamia spika ya pili, katriji ndiyo yenye kasoro. Ukibaki spika ileile, katriji haina hatia. Tafuta kosa kwenye waya wa mkono, plagi za nyuma au amplifaya. Jaribio hili halihitaji ujuzi wowote, na bado watu hununua katriji mpya kabla ya kulifanya.

Kumbuka kwamba mashine nyingine za zamani zina pini tatu au mbili tu. Zenye mbili ni za mono, na hapo hakuna upande wa kulinganisha. Zenye tatu zina waya mmoja wa pamoja katikati. Wewe badilisha hizo mbili za pembeni.

Pini na nyaya

Ukiishi Tanga, Lamu, Unguja au popote hewa ya chumvi inapofika, anza hapa. Pini huota utando wa kijani au mweusi ambao macho matupu hayauoni vizuri, nao unatosha kuzuia umeme mdogo wa milivolti tatu.

- Toa vibanio vya waya kimoja kimoja. Vuta kibanio chenyewe kwa kibano. Ukivuta waya utakatika.
- Lowesha pamba ya masikio kwa alkoholi, ikamue, sugua pini hadi pamba itoke nyeupe.
- Ndani ya kibanio pitisha kijiti cha meno chenye unyevu wa alkoholi.
- Kibanio kikiwa kimelegea, kifinye kidogo sana kwa kibano huku kijiti cha meno kikiwa ndani, kisije kikafumba kabisa.
- Rudisha ukiwa umeshika mwili wa katriji. Ukisukuma kibanio huku katriji ikining'inia mkononi mwa gramafoni, utaupinda mkono.

Waya ukikatika kwenye kibanio utalazimika kulehemu. Kibanio kilehemu kikiwa kimetolewa kwenye katriji. Joto la chuma cha kulehemu hupita kwenye pini kwa sekunde moja mbili na kukata waya wa ndani, au kuyeyusha plastiki inayoishika pini. Katriji zilizouawa na lehemu ni nyingi, na hakuna dawa yake.

Sindano: iangalie kabla ya kuiamini

Safisha kwanza ndipo uangalie, kwa sababu uchafu hufanana na uchakavu. Pitisha brashi laini kutoka nyuma kwenda mbele, yaani kuelekea kwako ukiwa umeuelekeza mkono wa gramafoni kwako. Usipitishe kutoka mbele kwenda nyuma wala pembeni. Uchafu uliokauka utoe kwa brashi iliyoguswa alkoholi na kukamuliwa, tena kwenye ncha tu. Alkoholi ikipanda kwenye kijiti hufika kwenye gundi na mpira, na baada ya miezi sindano huanza kulegea bila wewe kujua sababu.

Sasa chukua lenzi. Ncha nzima ina umbo la mviringo laini linalong'aa sawasawa. Ncha iliyokwisha ina sehemu mbili bapa zinazometa, moja kila ubavu, kana kwamba mtu ameinoa patasi. Ukiona hivyo, sindano hiyo isiguse santuri tena hata mara moja. Bapa hizo zina kingo kali, nazo zinakwangua kuta za mfereji ambamo sauti imeandikwa.

Muda wake hutegemea jiwe. Almasi hudumu saa mia tano hadi elfu moja. Yakuti, ambayo ndiyo iliyowekwa kwenye radiogramu nyingi za zamani, huchakaa baada ya saa hamsini hivi. Yaani sindano ya yakuti iliyokuja na mashine ya babu ilikwisha kabla ya mama yako kuolewa, na kila santuri iliyochezwa baadaye ililipia. Ukiikuta, iondoe bila kujadiliana nayo.

Ukubwa nao ni wa lazima:

- Santuri za mzunguko 33 na 45 zinataka ncha ya nusukipenyo cha maikroni 18 hivi.
- Santuri za mzunguko 78 zinataka ncha ya maikroni 65 hadi 75.

Ukitumia ndogo kwenye 78 inazama chini ya mfereji na kuzoa mchanga na kelele. Ukitumia kubwa kwenye LP inapanda juu ya kuta na kuzivunja. Kijilevu cha kupindulia kikaguliwe kila mara, maana watoto wanapenda kukichezea.

Ya fuwele: ukweli mchungu

Fuwele iliyomo ni chumvi ya Rochelle, na chumvi hiyo inayeyuka kwa unyevu wa hewa. Katriji iliyokaa Mombasa miaka arobaini bila kufunikwa, nafasi yake ni ndogo mno. Ukifungua ukakuta unga mweupe au umajimaji unaonata, hakuna kilichobaki cha kufufua.

Kinachonisikitisha ni kwamba hata zile ambazo zingepona huuawa na matibabu:

- Usiianike juani. Chumvi ya Rochelle huharibika kwenye nyuzi 55 za Selsiasi. Dirishani au ndani ya gari mchana wa Februari, joto hilo linafikiwa.
- Usiipulizie mashine ya kukaushia nywele, kwa sababu hiyohiyo.
- Usiisafishe ndani kwa maji, wala kwa kitambaa chenye unyevu.

Ukiamini bado ina uhai, ifunge ndani ya chupa kavu pamoja na vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu, uiache kivulini siku kadhaa, kisha uijaribu. Ikitoa sauti hafifu, hafifu hivyo ndivyo itakavyobaki. Ikikaa kimya, tafuta katriji ya kauri yenye ukubwa uleule wa kufungia. Itafanya kazi kwenye radiogramu ileile bila kubadilisha amplifaya, ila sauti itakuwa ndogo kidogo. Usidhani umekosea.

Ya kauri: kampira kanakooza

Hii ndiyo kazi ninayoipenda, kwa kuwa mafanikio yake ni ya kweli. Kipande cha kauri chenyewe hakiogopi unyevu. Kinachooza ni mpira: ule unaoshika kauri nyuma, na ule mdogo wenye umbo la uma unaopokea mtikisiko wa kijiti cha sindano na kuufikisha kwenye kauri. Baada ya miongo kadhaa mpira huo hugeuka lami nyeusi inayonata, au hukauka ukawa mgumu kama kokwa. Sauti hufifia, inakuwa ya puani, au inapotea upande mmoja.

Kabla ya kuanza jua hili: kauri ile inavunjika kirahisi. Usiipinde, usiishike kwa koleo, usiipige tupa. Nyingi za aina hii zina madini ya risasi, na vumbi lake si la kuvuta puani. Nawa mikono ukimaliza.

Fuata hatua hizi polepole:

1. Chomoa sindano. Tazama kwa lenzi ilivyokaa kabla ya kuvuta. Nyingine huvutwa mbele, nyingine hunyanyuliwa kwanza.
2. Fungua ganda. Mara nyingi ni vipande viwili vilivyobanwa, na ukucha unatosha. Kama limegundishwa, pitisha kijiti cha meno kwenye mshono kidogo kidogo.
3. Piga picha ya ndani kabla hujagusa. Angalia kauri ziko ngapi. Za stirio huwa na mbili, zimekaa kwa pembe.
4. Kwangua lami kwa kijiti cha meno. Malizia kwa pamba yenye alkoholi kidogo. Usilowanishe ganda lote.
5. Tafuta mpira laini wa silikoni. Mrija mwembamba wa hewa wa tangi la samaki, ule laini usio wa plastiki ngumu, unafaa sana. Kata kipande cha milimita moja au mbili kwa wembe mpya.
6. Kitengeneze kifanane na kile cha kwanza kwenye picha yako. Kiguse kauri bila kuibana.
7. Rudisha ganda, kisha sindano. Kijiti kikae ndani ya uma bila kusukumwa upande wowote.

Ugumu wa mpira ndio utakaokusumbua. Ukiwa mgumu mno, kijiti hakisogei na mzigo wote unaangukia kuta za santuri. Ukiwa laini mno, sauti za juu zinapotea: vinanda na udi vinasikika vimefunikwa. Kata vipande vitatu vinne vya unene tofauti ujaribu kimoja kimoja. Jaribio la kwanza lisifanyike kwenye santuri. Washa amplifaya kwa sauti ya chini, gusa ncha ya sindano kwa unyoya mmoja wa brashi, kulia kisha kushoto. Usikie mgoto pande zote mbili, wenye nguvu inayokaribiana.

Upande mmoja ukiwa bado kimya, fungua tena. Mara nyingi kauri moja haijagusana na mpira. Ukikuta imepasuka, hakuna gundi itakayoirudisha, na hapo umefika mwisho wa katriji hiyo.

Ya sumaku: mwili hudumu, sindano hubadilishwa

Habari njema ni kwamba mwili wa katriji ya sumaku ni koili tu, na koili ikisoma vizuri kwenye mita inaweza kudumu kuliko sisi. Sumaku yenyewe, mpira na kijiti viko kwenye sindano inayochomoka. Kwa hiyo "kufufua" hapa mara nyingi maana yake ni kununua sindano sahihi.

Shure waliacha kutengeneza katriji mwaka 2018, na watu wengi wakadhani M44 na M75 zao zimekwisha. Hazijaisha. Kampuni ya JICO ya Japani inatengeneza sindano za kuzitoshea, na wapo wengine wa bei ya chini. Namba ya sindano hufuata ya mwili: M44-7 inachukua N44-7, M75ED inachukua N75ED. Uagizapo, andika namba kamili pamoja na herufi za mwishoni. Herufi hizo hubadilisha umbo la ncha na uzito inaotaka.

Mpira wa sindano ya zamani ukiwa umekauka utajua hivi: sindano inarukaruka kwenye santuri iliyonyooka, na herufi "s" za mwimbaji zinapasua sikio. Ukiwa umelegea, tumbo la katriji linakaribia kugusa santuri. Wapo wanaoshauri kuulainisha kwa mafuta ya breki au WD-40. Nawasihi msifanye hivyo. Mafuta hayo huvimbisha mpira, hutambaa hadi kwenye ncha, na mwisho huingia kwenye mifereji ya santuri yako.

Mvumo mkubwa usiokoma nao si ugonjwa wa katriji mara nyingi. Angalia waya wa ardhi unaotoka nyuma ya gramafoni kama umefungwa kwenye amplifaya, na kibanio kimoja kama kimeachia pini.

Kuirudisha mkononi

Matundu mawili ya skrubu kwenye katriji nyingi yameachana kwa milimita 12.7, kwa hiyo hata katriji ya kampuni nyingine huingia. Kaza skrubu nusu nusu, zamu kwa zamu. Plastiki ya zamani hupasuka kwa hamu ya mkono.

Kisha pima uzito wa sindano kwenye santuri. Weka mizani juu ya sahani ya gramafoni, urefu wake ukaribie ule wa santuri, ushushe sindano juu yake taratibu.

- Kauri nyingi: gramu tatu hadi sita.
- Shure M44-7: gramu moja na nusu hadi tatu.
- Za fuwele: nyingine hufika gramu nane au kumi. Mzigo huo unazifaa santuri za 78 lakini unazikandamiza LP.

Usidhani uzito mdogo ndio salama. Sindano nyepesi mno hudundadunda ndani ya mfereji, na kila mdundo unaacha kovu. Kaa katikati ya kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji, au juu kidogo ya katikati.

Mwisho ni unyoofu. Tazama kutoka mbele: katriji isimame wima. Tazama kutoka ubavuni: iwe sambamba na santuri. Kipimo cha karatasi chenye nukta mbili, kilichochapishwa kwa ukubwa wake halisi, kitakuonyesha kama ncha imekaa pale inapotakiwa. Kagua ukubwa wa chapa kwa rula kabla ya kukiamini.

Makosa yanayoua santuri

- Sarafu juu ya mkono. Zamani ilikuwa dawa ya kila nyumba sindano iliporuka. Inazuia kuruka kwa kuikandamiza sindano chakavu ndani ya mfereji. Sauti ikakaa, santuri ikaliwa.
- Spiriti kwenye santuri za 78. Santuri hizo ni za shelaki, na alkoholi huyeyusha shelaki. Tumia maji yaliyochujwa na tone la sabuni ya vyombo, pangusa haraka, kausha. Karatasi ya katikati isilowe.
- Gundi ya papo hapo. Mvuke wake hutanda kwenye mpira na ncha. Jiwe lililong'oka si la kugundisha nyumbani.
- Kujaribu kwa santuri unayoipenda. Nunua ya shilingi chache, iliyokwaruzika. Soko la Kenyatta jijini Nairobi bado zinauzwa santuri za zamani, na zipo za kujaribia.

Maswali yanayonirudia

*Si afadhali ninunue katriji mpya ya sumaku niifunge kwenye radiogramu?*
Kwa gramafoni ya miaka ya 1970 yenye mkono mwepesi, ndiyo, hata mimi nitakuunga mkono. Kwa radiogramu, hapana. Amplifaya yake inategemea mamia ya milivolti, nawe utaipa tano. Utasikia mnong'ono usio na besi. Utahitaji kiamplifaya cha kati, na mkono ule mzito bado utaielemea sindano mpya.

*Gramafoni yetu ni ya kusokota kwa mkono. Hii inahusu?*
Kichwa chake hakina umeme, lakini ugonjwa ni uleule. Ndani mna utando mwembamba uliobanwa na pete mbili za mpira, nazo hukauka zikawa mawe. Mrija wa silikoni wa milimita mbili au tatu, ukikatwa kwa urefu wa mzingo, unazichukulia nafasi. Sindano ya chuma ibadilishwe kila upande wa santuri, na kamwe usiiwekee LP.

*Nihifadhi vipi katriji za akiba?*
Kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko unaokaza, pamoja na vipakiti vya silika, mbali na jua, na mbali na spika kwa sababu ya sumaku zake. Ncha ifunikwe kwa kifuniko chake au ielekee juu, isiguse kitu. Vipakiti vivibadilishe kabla ya masika.

*Nimefika mahali siwezi kuendelea. Nimpe fundi gani?*
Mafundi wazee wa redio wa Kariakoo au wa barabara ya Luthuli wanazijua mashine hizi, ila wengi siku hizi hawazipokei mara kwa mara. Mpelekee katriji ikiwa imetolewa, pamoja na picha zako, namba yake na matokeo ya jaribio la kubadilisha nyaya. Mwambie kinagaubaga asipige lehemu kwenye pini. Na santuri ya kujaribia mpe wewe mwenyewe, ile iliyokwaruzika, kabla hajachukua yoyote iliyo karibu naye.